Mume wangu amevunja kibubu, anasema ni falsafa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Dar es Salaam na nauza vitenge. Ndoa yetu ina miaka kumi. Mume wangu si mtu mbaya: hanipigi, hanitukani, watoto wakisikia geti wanamkimbilia. Kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo pesa yake inakuja kwa mafungu. Mwezi mmoja tunakula vizuri, mwezi mwingine daftari la Mangi linajaa.

Tuna kiwanja Chanika. Nyumba imefika kwenye lenta, imebaki kupaua. Kwa ajili ya mbao na mabati tulimpa seremala atutengenezee kibubu, tukakiweka chini ya kitanda, tukakubaliana hakifunguliwi mpaka kijae. Mimi natumbukiza faida ya vitenge kila Jumamosi, yeye anatumbukiza akipata mzigo.

Mwaka jana rafiki yake, mtu waliyekua pamoja tangu utoto, alianguka kazini akafariki kabla hawajamfikisha hospitali. Tukasafirisha mwili hadi Tanga, tukazika, tukarudi. Kwa wiki kadhaa mume wangu alikuwa kimya. Halafu akaanza kukesha na simu. Nilidhani ni mpira, kumbe ni video za falsafa. Asubuhi moja tunakunywa chai akaniambia: "Mama watoto, kuna Mgiriki mmoja wa kale anaitwa Epicurus, huyo alimaliza kila kitu. Lengo la maisha ni raha, na kifo si kitu kwetu. Sasa sisi tunajibana kwa faida ya nani?"

Nilicheka. Lakini Ijumaa ikaja yuko baa, Jumamosi yuko baa, anaagizia meza nzima. Nikilalamika ananiambia mimi naogopa raha. Status yake ya WhatsApp ameandika: "Tule tunywe, kesho tutakufa. Epicurus." Juzi juzi nimetoa kibubu nitumbukize changu, nikaona kimekuwa chepesi. Nikakigeuza. Kimefunguliwa kwa bisibisi upande wa chini, ubao ukarudishwa vizuri nisigundue. Pesa ilienda Bagamoyo, yeye na wenzake watatu, hoteli ya ufukweni. Hakukana. Alisema pesa ni ya kutumiwa mtu akiwa hai. Yule mwenzake aliacha tofali elfu tatu uani kwake, zimemsaidia nini? Hapo, Shangazi, nilikosa la kujibu.

Mama mkwe anasema mwanawe ameingia dini ya kishetani, anataka aombewe. Dada yangu anasema niende ustawi wa jamii. Mimi nauliza: huyo Mgiriki kweli alisema hivyo? Na kama alisema, mtu unaweza kujenga nyumba na mfuasi wake? Mume huyu bado nampenda, na mabati nayataka.

Mama wa Lenta, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: hapana, hakusema hivyo. Epicurus angefika kwenye ile meza ya Bagamoyo angeomba mkate na maji, na wenzake mumeo wangemwona mzee mwenye nuksi.

Hayo maneno ya kwenye status yamo kwenye Biblia ya mama mkwe wako. Afungue Isaya 22:13, kisha 1 Wakorintho 15:32 ambapo Paulo anayarudia. Isaya anawakemea wanaoyasema. Paulo anaonyesha mtu angebaki na nini kama wafu hawafufuliwi. Epicurus hahusiki. Kuhusu dini ya kishetani, mwambie mama kwa upole kwamba Paulo mwenyewe alikutana na Waepikureo, yaani wafuasi wa Epicurus, pale Athens, Matendo ya Mitume 17:18, wakajadiliana naye pamoja na Wastoiko, watu wa shule nyingine ya falsafa. Walikuwa watu wa shule ya falsafa. Ni kweli mwalimu wao alifundisha kwamba miungu ipo ila haishughuliki na mambo yetu, haitupi thawabu wala adhabu, na hapo muumini yeyote, wa msikitini au kanisani, ataachana naye njiani. Lakini mama akitaka kumwombea mwanawe, mwacheni amwombee. Mtu aliyefiwa haumii kwa kuombewa.

Sasa huyo mzee mwenyewe. Alizaliwa mwaka 341 KK kisiwani Samos, baba yake mwalimu wa shule. Karibu mwaka 306 KK alihamia Athens, akanunua bustani, na watu wakaizoea shule yake kwa jina hilo la Bustani. Aliwapokea wanawake, akawapokea hata watumwa, na kwa Athens ya siku zile hilo peke yake lilitosha kumzulia mtu habari. Seneca, Mrumi ambaye hakuwa hata mfuasi wake, anaandika kwamba pale bustanini palikuwa na maneno ya kumkaribisha mgeni: kaa hapa, hapa jema kuu ni raha. Mgeni akikaa anapewa uji wa shayiri na maji. Hiyo ndiyo bata yao. Barua mojawapo Epicurus anamwomba rafiki amtumie kijungu cha jibini, ili siku akijisikia afanye karamu. Jibini tu, mwanangu, na anaiita karamu.

Sifa mbaya ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka nyumbani. Rafiki yake mkubwa Metrodorus alikuwa na ndugu aitwaye Timocrates, aliyekuwa mwanafunzi pale akaondoka kwa hasira, akatangaza kwamba Epicurus anatapika mara mbili kwa siku kwa kushiba. Uvumi wa namna hiyo haufi. Na kabla ya Epicurus walikuwepo watu walioisifu raha ya mwili, ya sasa hivi: Aristippus wa Cyrene, mji uliokuwa nchi inayoitwa Libya leo, na waliomfuata. Mumeo akitaka mlezi wa safari ya Bagamoyo, huyo yuko karibu zaidi. Ila hata Aristippus alijisifu kwamba yeye ndiye aliyeishika raha, haikumshika.

Epicurus alikuwa anasema hivi, kwa maneno yangu. Njaa inauma. Ukila, maumivu yanaondoka, na hapo raha ya tumbo imefika mwisho wake; sahani ya pili na ya tatu zinabadilisha ladha, haziongezi raha. Kilele ni mwili usioumia na akili isiyohangaika. Katika barua yake kwa Menoeceus anasema wazi kwamba akitaja raha hana maana ya ulevi wa mfululizo, wala meza zilizojaa samaki na vinono. Maisha matamu yanatokana na akili timamu inayopima kila uamuzi. Halafu anagawa matamanio. Yapo ya asili na ya lazima: kula, kunywa, kutopigwa na baridi. Yapo ya asili ila si ya lazima, kama chakula cha kifahari. Na yapo yasiyo ya asili wala ya lazima, yaliyozaliwa na mawazo ya watu, mfano kutaka usimamishiwe sanamu mjini. Kuagizia meza nzima ili uitwe bosi nakuweka hapo hapo na sanamu. Paa juu ya vichwa vya watoto liko fungu la kwanza. Kwa hesabu ya mwanafalsafa wake mwenyewe, mumeo amechukua pesa ya lazima akanunulia sanamu.

Tena alifundisha kwamba si kila raha ya kuchukuliwa, wala si kila maumivu ya kukimbiwa. Raha inayoleta maumivu makubwa mbele, iache. Maumivu yanayozaa raha kubwa zaidi, yavumilie. Yapo maswali aliyotaka mtu aiulize kila tamaa: nini kitanipata nikikipata ninachokitaka, na nini kitanipata nikikikosa? Mumeo ajiulize hivyo Ijumaa jioni, kabla mzinga haujafika mezani. Diogenes Laertius, aliyeandika maisha ya wanafalsafa wa Kigiriki katika karne ya 3 BK na kutuhifadhia barua za Epicurus, ameorodhesha tabia za mwenye hekima kwa mujibu wa shule hiyo. Imo hii: ataangalia mali yake na siku zijazo. Kwa hiyo swali lako la pili nalo lina jibu. Nyumba unaweza kujenga na mfuasi wa Epicurus. Pengine ingeisha mapema, kwa sababu asingehangaika na geti la kifahari.

Lakini barua yako ina habari uliyoipita haraka, na mimi nimebaki hapo. Umeandika kwamba rafiki alianguka kazini, mkazika Tanga, mkarudi, mumeo akanyamaza. Baa ilikuja baada ya hapo. Huyo mtu hafurahii chochote, mwanangu. Anaogopa. Ameona mwanamume wa rika lake anaondoka mchana kweupe, na tangu siku ile kila Ijumaa anaiona kama ya mwisho.

Ndiyo maana neno la kifo lilimnasa kwenye simu. Hoja ya Epicurus ni kwamba tukiwepo, kifo hakipo. Kifo kikija, sisi hatupo. Kwa hiyo hatukutani nacho kamwe. Aliitoa ili mtu atulie. Anayekunywa kwa sababu kesho atakufa bado anaendeshwa na kifo kile kile, kimempakia kwenye gari hadi Bagamoyo. Na sikufichi, ninapomsoma mzee huyu kuna mahali simwamini. Anasema maumivu makali huwa hayadumu. Aliyeuguza mgonjwa wa saratani anajua hilo si kweli kila mara. Na hoja yake ya kifo inamtosha anayekufa, kwa aliyebaki na namba ya rafiki kwenye simu haitoshi. Kwa aliyefiwa anayo nyingine, nitaifikia sasa hivi.

Tofali elfu tatu zimemsaidia nini marehemu? Ulikosa jibu, basi nakupa la Epicurus. Mtu aliyefundisha kwamba kifo si kitu kwetu aliandika wosia, na umehifadhiwa. Metrodorus, yule rafiki yake, alitangulia kufa akaacha watoto. Wosia unaagiza watoto hao watunzwe kutokana na mali iliyoachwa, binti akifikia umri aozwe na apewe mahari ya kwendea, na watumwa wanne waachwe huru. Mwaka 270 KK, akiwa na miaka 70 na kidogo, siku yake ya mwisho, mkojo umeziba na tumbo linamkata, alimwandikia rafiki aitwaye Idomeneus. Akasema maumivu yamefika mwisho wa ukali, ila anayasukuma kwa furaha ya kukumbuka mazungumzo yao ya zamani. Kisha akaomba jambo moja: uwaangalie watoto wa Metrodorus.

Sasa muulize mumeo, bila ukali: watoto wa yule rafiki wa Tanga ada yao analipa nani? Zile tofali ziko uani, mjane anaweza kusimamisha vyumba viwili akipata mtu wa kumtafutia fundi na saruji. Mzee wake anasema rafiki aliyekufa tumwonee huruma kwa kumfikiria na kushughulikia yake, kuliko kwa kilio. Achukue pesa ya Ijumaa moja, apande basi aende Tanga, akakae na huyo mama na watoto, ajue wanahitaji nini. Ikiwezekana nenda naye. Nadhani safari hiyo itamfanyia kazi kuliko video zote, kwa sababu ataona mtu akiondoka kinabaki nini na kinahitaji mikono ya nani.

Na wale watatu wa Bagamoyo? Epicurus alithamini urafiki kuliko karibu kila kitu. Alisema tazama kwanza unakula na nani, ndipo utazame unakula nini. Katika miaka ya 290 KK mfalme Demetrius aliuzingira mji wa Athens mpaka watu wakafa njaa. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa baadaye, anasimulia kwamba Epicurus aliwaweka hai watu wake kwa maharage, akiyahesabu na kugawa kwa idadi. Mumeo anawajua wenzake kuliko mimi. Mwulize yupi kati yao angekubali kukaa pale kuhesabiwa maharage, yupi angeaga mapema.

Nimemsema sana yeye. Sasa zamu yako, na usinikasirikie. Umeniandikia kuhusu lenta, mbao, mabati, vitenge na daftari la Mangi. Sijaona popote mlipocheka wawili isipokuwa siku uliyomcheka yeye. Kuna mkusanyiko wa semi za Epicurus uliogunduliwa mwaka 1888 katika maktaba ya Vatican, na mmoja wake unasema tumezaliwa mara moja, wewe si mwenye kesho, na bado unaahirisha furaha. Maisha yanaishia kwenye kuahirisha, na kila mtu anakufa akiwa na shughuli. Hapo mumeo ameshika kipande cha kweli, ingawa amekishika kwa makali. Kama raha yote ya nyumba mmeifungia mpaka bati la mwisho lipigwe misumari, msishangae mmoja wenu ameitafuta nje. Wekeni fungu dogo la kila mwezi lisiloulizwa. Jumapili jioni chukueni watoto mwende Coco Beach, mihogo ya kukaanga na pilipili, miguu kwenye maji, nauli ya daladala. Mzee wa jibini angekuja.

Kibubu ni suala lingine, na hapo usilainike. Wewe ulitumbukiza humo faida ya vitenge. Epicurus alieleza haki kuwa ni mapatano ya watu ya kutodhuriana, na akasema huwezi kuishi kwa raha bila kuishi kwa haki. Tena aliongeza kwamba anayevunja mapatano kwa siri hawezi kuwa na uhakika wa kutogundulika hata akifanikiwa kujificha mara elfu kumi, kwa sababu mpaka siku ya kufa hajui. Sasa fikiria mtu anafungua ubao kwa chini, anarudisha misumari, halafu usiku analala juu ya kitanda hicho hicho. Akili yake imetulia hapo? Msomee hilo neno kwa neno. Ni la mzee wake, wala halijatoka kwa shemeji zake.

Kisha kaeni, watoto wakiwa wamelala, mwandike kiasi kilichotoka. Kinarudi kwenye mzigo unaofuata, kabla ya baa na kabla ya mkopo wa mtu yeyote. Kibubu kiondoeni. Fungueni akaunti ya saini mbili, au mpeleke pesa dukani kila ikipatikana mnunue bati chache chache mkaziweke kwa mtu mnayemwamini. Bati halinyweki. Epicurus hakutaka marafiki wachanganye mali, akiona kulazimishana hivyo kunaonyesha hawaaminiani. Ninyi mlichanganya kwa kuaminiana na imani imechubuka, kwa hiyo kwa sasa saini mbili ni za lazima na asione ni matusi.

Ustawi wa jamii usiende bado. Akikataa kurudisha, au mkono ukaingia tena, anza na wasimamizi wenu wa ndoa, mbele yao mkiwa wote wawili. Wao wakishindwa, fuata ushauri wa dada yako. Ila akigusa ada ya watoto au pesa ya chakula, usisubiri wasimamizi, nenda ustawi wa jamii moja kwa moja.

Shangazi